Nawaandikia wenzangu kazi ili wao ndio wasimame mbele ya darasa, sasa zamu yangu imefika

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili. Naomba jina langu na la chuo yasitajwe, kwa sababu wanaohusika na barua hii nao husoma safu yako.

Shida yangu ni kuzungumza mbele ya darasa. Najua wengi hawapendi, lakini kwangu imepita kiasi cha kutopenda. Usiku wa kuamkia prezentesheni silali. Asubuhi tumbo linavuruga. Zamu yangu ikikaribia, moyo unadunda mpaka naona shati linacheza, kinywa kinakauka, na karatasi niliyoshika inatetemeka hata walioketi mwisho kabisa wanaiona. Nikifungua mdomo, sauti inayotoka siitambui.

Mwaka wa kwanza nilijikaza nikasimama. Nilikuwa nimekariri kila neno, hadi mahali pa kutua. Nilipofika sentensi ya pili au ya tatu, yote yakafutika. Nikabaki nimekodoa macho. Mtu mmoja upande wa madirishani akacheka. Nikasema "samahani", nikarudi kuketi, na mhadhiri akaita anayefuata. Hakuna aliyewahi kunitajia jambo lile hadi leo, lakini najua darasa zima linanikumbuka kwa hilo.

Baada ya hapo nikapata ujanja. Katika kikundi chetu cha watu wanne, mimi ndiye ninayesoma, ninayeandika na kutengeneza slaidi, na wenzangu watatu ndio wanaozungumza. Huwaandikia hata majibu ya maswali wanayoweza kuulizwa. Mpango umetufaa wote. Wakipigiwa makofi, na mimi napiga. Ila sitaki kukuficha, huwa inaniuma. Juzi mmoja aliulizwa swali akajibu ovyo. Jibu sahihi lilikuwa kwenye karatasi niliyompa, nami nimeketi palepale nalijua, na mkono wangu haukuinuka.

Muhula huu mhadhiri mmoja ametangaza kwamba kila mtu atawasilisha mada yake peke yake, dakika 10, kisha maswali, na zoezi hilo lina asilimia 30 ya alama za kozi. Kozi yenyewe ni ya lazima. Zimebaki wiki 5.

Nimefikiria kumwomba aniruhusu niandike insha badala ya kusimama, lakini ni mtu mkali, na siku ya kwanza alituambia hataki visingizio. Nimefikiria kuiahirisha kozi hadi mwakani. Ninayeishi naye chumba kimoja amenipa vidonge vya kaka yake, anasema ni vya moyo na vinaondoa kutetemeka. Viko kwenye droo, sijavimeza. Nina pumu tangu utotoni, ingawa siku hizi hainisumbui sana, sijui kama inahusika. Njia iliyobaki ni kusimama niaibike upya.

Juu ya hayo, wenzangu wa kikundi wanataka niwaandikie hata hizi za mtu mmoja mmoja. Nilipowaambia kwamba safari hii nina yangu, mmoja akanijibu, "Makubaliano ni makubaliano." Nao ndio marafiki nilio nao.

Kuna jambo moja linanichanganya. Mitihani ikikaribia, wanadarasa huja chumbani kwangu niwaeleze mada ngumu. Nasimama na kalamu mbele ya ubao mdogo, wanajaa mpaka wengine wanaketi sakafuni, nazungumza hata saa nzima na mkono hautetemeki. Mmoja alisema ananielewa mimi kuliko mhadhiri. Sasa huu ni ugonjwa, au ni uoga tu? Nifanyeje?

Mkaa Nyuma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na vile vidonge, maana mengine yote yanaweza kusubiri aya mbili tatu. Sijaviona, kwa hiyo siwezi kusema ni vya nini. Ila jinsi ulivyovieleza, huenda ni vya jamii iitwayo beta-bloka, ambayo propranololi ni mojawapo. Ni kweli kwamba madaktari huwaandikia dawa hiyo baadhi ya watu wanaotetemeka jukwaani. Huzuia kazi ya adrenalini, ile homoni ambayo mwili huimwaga mtu akiogopa, moyo ukapunguza mbio na mikono ikatulia. Lakini dawa hiyohiyo inaweza kubana njia za hewa za mtu mwenye pumu, na shambulio likawa la hatari hata kwa yule ambaye pumu yake ilikuwa imetulia. Pumu umeitaja kwa sentensi moja na kusema hujui kama inahusika. Inahusika sana. Ukitaka njia ya dawa, daktari anayeijua pumu yako ndiye wa kuongea naye, na umweleze hivyo vidonge vimetoka wapi. Mambo mengine katika barua hii nitakuachia uyapime mwenyewe. Hili la kumeza dawa ya mtu mwingine nakusihi usilifanye.

Sasa tuketi na barua yako.

Nikikusoma vizuri, unasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba mwili wako unakukimbia ukisimama mbele ya darasa. La pili ni kwamba ulijenga utaratibu wa kutosimama kabisa, utaratibu huo ukakupa marafiki na alama, na sasa umeanza kukudai. La kwanza umelieleza kama msiba, la pili umelieleza kama ujanja. Sina hakika kwamba ulivyoyapanga ndivyo yalivyo.

Umeuliza kama ni ugonjwa au uoga. Nakuomba kwanza tuyaweke kando yote mawili. Mwaka 1993 watafiti Kirschbaum, Pirke na Hellhammer walichapisha njia ya kumtia mtu presha ndani ya maabara, ili wapime mwili unafanya nini. Njia waliyoichagua ilikuwa kumsimamisha mtu azungumze kwa dakika 5 mbele ya jopo lisiloonyesha tabasamu wala kutikisa kichwa, kisha afanye hesabu za kutoa kwa sauti. Njia hiyo inatumika hadi leo kwa sababu karibu kila mara inafanya kazi: moyo unapanda, homoni za msongo zinapanda. Tazama ulichotakiwa kufanya darasani, utakuta kinafanana sana na jaribio hilo. Mwili wako ulifanya kile ambacho miili ya watu wengi hufanya. Adrenalini huharakisha moyo, hupunguza mate, hukaza misuli mpaka inatetemeka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima akili yako wala ushujaa wako.

Hata hivyo sitaki nikutulize kwa kukudanganya. Ipo hali ambayo wataalamu huiita hofu ya kijamii, na mwongozo wa kutambua magonjwa ya akili uitwao DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unatambua kuwa kwa baadhi ya watu hofu hiyo huwapata pale tu wanapotakiwa kuzungumza au kufanya jambo mbele ya watu. Wataalamu huangalia kama imedumu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na kama imeanza kumharibia mtu masomo, kazi au maisha. Wewe umeipangia masomo yako yote kuizunguka. Siwezi kukupima kwa barua, ila ukienda kwa mshauri wa wanafunzi au mwanasaikolojia, hutakuwa umepeleka jambo dogo. Na ikionekana ndiyo hali hiyo, inatibika. Matibabu yaliyochunguzwa zaidi ni mazungumzo ya kitaalamu yanayomsaidia mtu kuzikagua fikra zake na kulikabili lile analoliogopa kidogo kidogo.

Turudi kwenye ile siku ya mwaka wa kwanza. Unasema hakuna aliyekutajia jambo lile hadi leo, kisha papo hapo unasema darasa zima linakukumbuka kwa hilo. Umejuaje? Unasema hata walioketi mwisho waliona karatasi ikitetemeka. Nani kati yao alikwambia? Wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha utafiti kuhusu jambo hili mwaka 2003. Wazungumzaji walidhani wasikilizaji wanaiona hofu yao waziwazi, kumbe wasikilizaji waliiona kidogo kuliko wazungumzaji walivyodhani. Tena waliofahamishwa mapema kwamba binadamu hujidanganya hivyo walizungumza vizuri zaidi, na wasikilizaji wao waliuona ubora huo. Wewe ulikuwa ndani ya mwili unaodunda. Wao walikuwa kwenye viti, na nadhani nusu yao walikuwa wanafikiria zamu zao.

Na yule aliyecheka? Labda alikucheka wewe. Labda alikuwa anaangalia simu. Labda ni wale wanaocheka wakiona mtu amekwama kwa sababu wao wenyewe wametishika. Sisemi hukuumia. Nasema kicheko cha mtu mmoja umekigeuza kuwa hukumu ya darasa zima, na ukaipa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Sasa lile la chumbani, ambalo umeliweka mwisho kana kwamba ni nyongeza. Kwangu mimi ndilo lililonifanya niisome barua yako mara ya pili. Mtu anayesimama mbele ya chumba kilichojaa, akafundisha saa nzima, akaeleweka, tatizo lake si kuzungumza mbele za watu. Kuna kitu kingine kinachobadilika ukivuka kutoka chumbani hadi darasani. Fikiria: chumbani hukukariri chochote. Unaijua mada, unaanza popote, unaona uso umekunjamana unarudi nyuma, unatafuta mfano mwingine. Mawazo yako yapo kwao, wameelewa au bado. Darasani ulikwenda na maneno yaliyopangwa kama ushanga kwenye uzi, kisha mawazo yote ukayaelekeza kwako: sauti yangu ikoje, mkono unaonekanaje. Msongo hupunguza nafasi ya akili ya kushika mambo kwa wakati ule, na mtu aliyekariri neno kwa neno, likimponyoka moja hana pa kuanzia tena. Siamini kwamba ulisahau mada. Nadhani ulisahau uliyoyakariri, ambayo ni kitu tofauti.

Bila shaka utaniambia chumbani hakuna anayetoa alama. Ni kweli, na sitalipuuza hilo. Wale pia wamekuja kwa sababu wanakuhitaji, na darasani hujui nani anakutakia mema. Lakini wengi wao si ni walewale?

Kuhusu njia ulizozifikiria, acha nizungumze nawe kila moja kadiri ninavyoiona.

Kumwendea mhadhiri. Unaogopa ataona ni kisingizio. Mimi nadhani kisingizio huja asubuhi ya siku yenyewe, na mtu anayefika ofisini wiki 5 kabla, akiwa na jambo mahususi la kuomba, huwa anaonekana tofauti hata kwa mwalimu mkali. Kuna tofauti pia katika unachoomba. Ukiomba insha, huenda ukaipata, ukapona muhula huu, na hofu ikakusubiri mwaka wa tatu ikiwa imenona. Unaweza badala yake kuomba uwe wa kwanza, ili usikae saa nzima ukingoja kuitwa. Au uruhusiwe kadi ya vidokezo. Au uwasilishe kwanza mbele yake na wanafunzi wachache. Anaweza kukataa yote, na itauma. Katika hali hiyo, barua kutoka kwa mshauri wa wanafunzi huwa na uzito kuliko maneno yako peke yako.

Kuahirisha kozi si aibu. Inaweza kuwa busara ikiwa mwaka huo utautumia kupata msaada. Ikiwa utapita bila kufanya lolote, sioni mwakani kutakuwa na nini kipya, ila umri. Kila mara ukiikimbia prezentesheni unapata nafuu papo hapo, na ile nafuu ndiyo inayoufundisha mwili kwamba kweli kulikuwa na hatari. Ndivyo mpango wenu wa kikundi ulivyokuwa ukikufanyia muda wote huu, ingawa nakubali kwamba wakati unauanza ulikuwa umeumia na ulihitaji pa kujificha.

Kusimama. Umeandika "kusimama niaibike upya", kama kwamba kusimama na kuaibika ni kitu kimoja. Ukichagua njia hii, wiki 5 zinatosha kufanya mambo kadhaa, na ningeanza na madogo sana: kuuliza swali moja darasani ukiwa umeketi, kisha siku nyingine kujibu moja unalolijua. Ule mkono ambao haukuinuka juzi unaweza kuwa zoezi lako la kwanza. Halafu wasomee mada yako wawili watatu kati ya wanaokuja chumbani. Baadaye nendeni darasani kusipokuwa na mtu, usimame palepale utakaposimama. Kisha mwalike mmoja ambaye si rafiki yako. Ukiona hatua fulani ni kubwa mno, irudie mpaka ikuchoshe ndipo uende inayofuata.

Usikariri. Zijue kwa moyo sentensi mbili za kwanza tu, maana hapo ndipo moyo unapodunda kuliko mahali pengine pote, na vidokezo vinginevyo viandike kwa herufi kubwa kwenye kadi ngumu. Karatasi nyepesi huukuza mtetemeko mdogo, kadi haiukuzi. Andaa machache kuliko unavyotaka. Mtu akizungumza kwa mwendo wa kawaida husema maneno kama 130 kwa dakika, na wewe ukiwa na hofu utakimbia, kwa hiyo ukipanga mengi utayamwaga yote kwa pupa. Kabla ya kuitwa, toa pumzi taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Uwe na sentensi ya kutumia ukikwama, kama ile ambayo bila shaka huisema chumbani: "Ngojeni nirudi nyuma kidogo." Chumbani hakuna anayeishangaa.

Wala usijilazimishe kutulia. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambamo watu waliojiambia kabla ya hotuba kwamba wamechangamka, wana hamu, walizungumza vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Mioyo yao haikupunguza mbio. Waliyapa mapigo yaleyale jina jingine.

Hatari ya njia hii ipo, na naisema wazi. Unaweza kujiandaa kwa haya yote na bado ukatetemeka. Unaweza kukwama tena. Gandhi alipokuwa mwanafunzi wa sheria Uingereza alisimama kusoma hotuba iliyojaa ukurasa mmoja tu, macho yakaingia ukungu, akatetemeka, na mwenzake ndiye aliyeisoma badala yake. Baadaye, akiwa wakili mpya mjini Bombay, alisimama kumhoji shahidi, kichwa kikamzunguka asipate hata swali la kuuliza, akaketi na kurudisha ada. Mwenyewe aliandika kwamba haya yake haikumwisha kabisa, na kwamba kusitasita kulimfundisha kutumia maneno machache. Simtaji ili uwe kama yeye. Namtaja kwa sababu naye aliwahi kusomewa na mwingine.

Kuhusu marafiki zako, nitakuwa mwangalifu, maana siwajui. Kazi ya kikundi mliyogawana ni jambo moja. Kazi ya mtu binafsi inayoandikwa na mwingine ni jambo jingine, na vyuo vingi huihesabu kuwa udanganyifu kwa wote wawili, aliyeandika na aliyewasilisha. Hilo peke yake linatosha kuwaambia bila kugombana. Na yule aliyesema "makubaliano ni makubaliano", umewahi kujiuliza kama naye anaogopa? Huenda kuandika kwake ni kama kusimama kulivyo kwako. Unaweza kumwelekeza namna ya kuipanga mada yake, naye akakusikiliza ukifanya mazoezi. Akikubali, umepata msikilizaji aliyezoea jukwaa. Akikataa na kukununia, utakuwa umejua jambo ambalo ni chungu, na wakati huo usibaki peke yako. Wale wanaoketi sakafuni kwako umewaita wanadarasa tu. Sijui kwa nini hukuwahesabu.

Kitu kimoja zaidi, kabla hujakunja gazeti. Katika hofu yako yote, kipindi cha maswali umekigusa kwa maneno mawili tu, wakati wengi ndicho wanachokiogopa kupita vyote. Wewe umekuwa ukiwaandikia wenzako majibu kabla maswali hayajaulizwa, na chumbani hufanyi kingine ila kujibu. Ukichagua kusimama, mwulize mhadhiri kama dakika 10 zinaweza kuwa 7, na zile 3 ziongezwe kwenye maswali. Ukichagua kuahirisha, au insha, bado niandikie uniambie umefikaje huko. Nitafurahi kukusoma tena.